Nimempa 9 aliyejenga mahakama ya maboksi, nikampa 5 aliyesoma kitabu. Hizi projekti za riwaya zina maana kweli?

Mwalimu_Osukuru (mleta mada)

Wadau habari za jioni. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Ijumaa, acha nikiteme hapa.

Nafundisha Kiswahili senia three (kidato cha tatu) huku Tororo, Uganda, darasa lina watoto 74. Muhula huu tumesoma Kusadikika ya Shaaban Robert. Hakuna aliyenipangia, niliichagua mwenyewe sababu ndo kitabu kilichokuwepo stoo, nakala 9, na katika hizo 9 mbili zimechanika kurasa za mwisho. Sasa si mnajua mtaala mpya unataka mtoto atende, asikariri tu, basi nikawaambia jamani sitaki muhtasari, kila mtu aniletee kitu alichotengeneza kinachoonyesha amekielewa kitabu. Chora, jenga, andika barua, igiza, fanya unachotaka, alama ni kwa 10.

Ijumaa zikaja. Kijana mmoja kaleta mahakama ya maboksi banange, ina nguzo, ina rangi ya dhahabu, ina milango inafunguka, hadi bendera. Darasa zima likapiga makofi, hata mwalimu wa jiografia akaja kuchungulia. Nikampa 9 palepale. Binti mmoja yeye kaleta karatasi moja ya daftari, imekunjwa mara nne, mistari kapiga kwa biki bila rula. Nikaangalia haraka nikaona ni jedwali tu, nikaandika 5, "ongeza ubunifu".

Jumapili nimekaa natulia ndo nikaisoma ile karatasi. Mtoto amehesabu kurasa. Amepitia kitabu chote akaandika nani anaongea ukurasa gani hadi ukurasa gani, kisha chini kaandika kwamba Majivuno ni waziri, ndiye mshitaki, lakini anaongea kidogo sana, karibu kitabu chote anaongea mshitakiwa Karama. Akamalizia hivi: "mwenye nguvu hasemi sana, anangoja mwenzake ajichoshe."

Nikakaa kimya. Jumatatu nikamwita yule wa mahakama nikamuuliza, huyu mwanasesere aliyekaa pale juu na nywele nyeupe za pamba ni nani? Akajibu bila wasiwasi, "jaji, mwalimu". Jaji! Wakati kesi nzima inasikilizwa mbele ya mfalme. Hajafungua hata ukurasa.

Swali langu: mimi ndo nilikosea kusahihisha au hizi projekti zenyewe ndo mbovu?

Chapati_Mbili

Siti ya mbele, na chai nimeshika.

Mzee_wa_Walukuba

Mwalimu, umejijibu mwenyewe. Mimi nimefundisha miaka 31 kabla ya kustaafu na ninasema kila siku, riwaya hujibiwa kwa kalamu. Zamani tulikuwa tunatoa swali moja, "Jadili dhamira tatu", mwanafunzi anaandika kurasa tatu na unamjua aliyesoma na asiyesoma. Haya mambo ya gundi na maboksi ni ya chekechea. Kitabu kama Kusadikika, kilichoandikwa 1961 wakati Tanganyika inapata uhuru, kina siasa nzito, huwezi kukiweka kwenye boksi la sabuni.

Fundi_Kalamu

Mzee wangu shikamoo, ila 1961 hapana. Kusadikika ni ya 1951. Shaaban Robert mwenyewe alifariki Juni 1962, na alipokiandika uhuru ulikuwa bado mbali kabisa. Na hiyo tofauti ya miaka kumi sio ndogo, sababu wengi wanakisoma kama fumbo juu ya serikali ya kikoloni, kwamba jamaa hakuweza kusema wazi kwa hiyo akabuni nchi ya angani.

Halafu kuhusu "Jadili dhamira tatu", mimi nilizijibu hizo nikapata alama nzuri na sikuwahi kumaliza riwaya hata moja. Kulikuwa na vijitabu vya mwongozo, dhamira zimepangwa tayari, unakariri unamwaga. Kwa hiyo usituambie ulikuwa unamjua asiyesoma 😂

Mzee_wa_Walukuba

Marahaba. 1951 nimekubali, vidole vimezeeka. Hilo la mwongozo sijalikubali.

Mama_Wawili_Ntinda

Mimi niko upande wa wazazi na nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Mnajua nani anatengeneza hizo mahakama? SISI. Mwaka jana mwanangu alipiga simu kwa metroni kwamba siku ya kutembelewa nilete manila mbili, rangi, gundi, pamba, na "kitu cha kung'aa". Nilitumia elfu 35 bila kuhesabu boda. Nimekaa pale chini ya mwembe na sahani ya kuku nakata makaratasi, mtoto anakula, ananiambia "mama hapo weka mto". Mto gani? Wa kitabu. Kitabu gani? Hajui jina, anasema kiko kwa mwenzake.

Ikaja ripoti, mama nimepata 8 😂 Yaani hapo hata sura ya kitabu sijaiona.

Sasa mwalimu mnapotoa 9 kwa rangi ya dhahabu mnampa alama mzazi mwenye hela. Yule binti wa karatasi moja inawezekana kwao hakuna aliyekuja siku hiyo.

Mwalimu_Osukuru

@Mama_Wawili_Ntinda umenipiga penye kidonda. Kweli hakuna aliyekuja.

Senia_Foo_Tupu

Hamjambo wakubwa. Mi nimemaliza senia four sa niko vekesheni nauza eataimu, acha niwaambie vile inaendaga ukweli.

Darasa letu kitabu kilikuwa kimoja kwa watu nane tisa. Hakuna mtu anasoma kitabu kwa zamu ya siku moja moja akamaliza. Tulikuwa na jamaa mmoja bwenini yeye anasoma kweli, usiku baada ya prepo anatusimulia, tunamlipa na sukari. So wote tulijua stori lakini tulijua stori VILE YEYE alisimulia. Akiruka kitu, bweni zima limeruka. Kuna mhusika alisahau kumtaja na kwenye projekti za watu 20 huyo mhusika hayupo 😂😂 mwalimu akashangaa sana

Alafu mi nilichagua kufanya meseji za WhatsApp, wale wajumbe walitumwa nje wakarudi na mawazo mazuri wakafungwa, wako jela wanachatiana na Karama ako nje. Ilikuwa poa lakini likizo nkaona uvivu nkauliza ile AI ya simu ya broo inipe majina ya wajumbe wa Kusadikika. Ikanipa saba. SABA. Nkaandika zote. Mwalimu akafika kwa wa saba akaniita staff room akaniuliza "huyu Zuberi alitumwa upande gani?" Nkasema kusini magharibi.

Chapati_Mbili

Kusini magharibi 😂😂😂 nimemwaga chai

Fundi_Kalamu

Wajumbe ni sita na pande ni sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Zuberi wako angepita wapi sasa, pembeni ya mbingu?

Ila umenikumbusha kitu cha maana. Mimi hutoa kazi ya ramani, "chora nchi ya Kusadikika na safari za wajumbe". Ni mtego. Asiyesoma anachora mishale minne, anaweka dira pembeni, nadhifu kabisa. Aliyesoma anakwama, anakuja kuuliza mwalimu hii nchi iko angani, sa ya juu na ya chini nichoreje kwenye karatasi? Akishakuja na hilo swali mimi alama nimeshampa, mchoro wenyewe utafuata. Tatizo lako @Mwalimu_Osukuru ni uhuru uliowapa. "Fanya unachotaka" mtoto anasikia "pamba unachotaka". Mpe kazi ambayo kitabu chenyewe kinamzuia asiimalize bila kusoma.

NubiBombo

Salaam kwenu. Mnaongelea maboksi na vitabu, mimi naona shida ni lugha. Hawa watoto wetu Kiswahili ni lugha ya tatu au ya nne. Nyumbani Kinubi au Luganda, shule Kiingereza kutwa, halafu Kiswahili vipindi vichache kwa wiki. Umpe Shaaban Robert, na Kiswahili chake kile cha Tanga cha mwaka 1951, sentensi moja inatembea kama gari moshi, hata mimi niliyezaliwa Bombo nazungumza Kiswahili kabla sijajua kusoma kuna mahali nasimama narudi nyuma.

Nilijaribu mara moja na watoto wa jirani. Nikauliza, neno kusadikika maana yake nini? Mmoja akasema ni kuwa na hakika. Mwingine akasema ni kusaidika 😄 Sasa kama jina la kitabu halijaeleweka unategemea projekti ya nini? Atachora tu. Kuchora hakuhitaji ngeli.

Nilichofanya, niliwaambia msimulie kwanza hadithi ya mjumbe mmoja kwa lugha ya nyumbani, mumsimulie bibi. Kisha bibi aulize swali, mniletee hilo swali kwa Kiswahili. Maswali ya mabibi yalikuwa makali kuliko ya UNEB, wale wa mitihani ya taifa. Bibi mmoja aliuliza kwa nini mjumbe wa pili alikubali kwenda wakati wa kwanza ameshafungwa.

Fundi_Kalamu

Hilo swali la bibi nalichukua, nalipeleka darasani Jumatatu.

KaseseKwetu

@NubiBombo lugha ni sehemu, lakini hata kwenye riwaya za Kiingereza mambo ni yaleyale, mimi nafundisha Literature na nina sanamu za udongo tele kabatini za watoto ambao hawajasoma kitu, na hao Kiingereza wanaongea kama maji. Kwa hiyo lugha haitoshi kueleza.

Mimi naona ni korona. Shule Uganda zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kamili Januari 2022, karibu miaka miwili, na mtaala mpya ulikuwa umeanza 2020 hiyohiyo, wiki chache tu tukaenda nyumbani. Hawa waliopo senia sasa walikuwa msingi, umri ambao mtoto anajifunza kukaa na kitabu peke yake bila mtu kumsukuma. Hawakukaa. Walilima, waliuza ndizi, wengine hawakurudi. Ukimpa kurasa 50 anaziona kama mlima Rwenzori, ukimpa mkasi anafurahi.

Mzee_wa_Walukuba

Kila kitu korona. Hata kabla ya korona walikuwa hawasomi.

KaseseKwetu

Mzee si ulisema ulikuwa unawajua waliosoma 😅

Binti_Sofia_Busia

Nimesoma uzi wote nikicheka peke yangu dukani. Mi si mwalimu, nina kibanda cha fotokopi hapa Busia karibu na mpaka, projekti zote za shule za hapa zinapita mkononi mwangu kwa hiyo nina ushahidi.

Kwanza jambo ambalo walimu hamlitumii: Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha! Aliajiriwa forodha huko Tanganyika 1926 akakaa humo miaka mingi. Sasa sisi watu wa Busia tunakulia mlangoni pa forodha, tunajua karani wa forodha anaona nini: nani anapita, nani anarudishwa, nani mzigo wake unafunguliwa. Nchi inayotuma watu nje wakalete mawazo mazuri na wakirudi nayo wanafungwa, jamani hiyo si ndo kazi yake kila siku? Bidhaa inakamatwa mpakani. Mdogo wangu aliandika hivyo, alitengeneza fomu ya forodha, kila mjumbe anarudi na fomu yake: jina, anatoka wapi, amebeba nini, kisha muhuri ZIMEZUILIWA. Muhuri nilimchongea mimi kwa kandambili.

Pili, mwenzake darasani akaja kuprint akaniuliza, dada wanawake wako wapi humu? Mfalme mwanaume, waziri mwanaume, Karama mwanaume, wajumbe sita wote wanaume. Yeye akaandika ushahidi wa mtu ambaye hakuitwa mahakamani, mama wa mjumbe mmojawapo, amesimama nje ya geti na sufuria ya chakula cha mfungwa. Ukurasa mmoja na nusu. Mi nililia nikiutype, nikamwandikia bure.

Mama_Wawili_Ntinda

Na huyo alipata ngapi?

Binti_Sofia_Busia

6. "Huyu mhusika hayumo kitabuni."

Senia_Foo_Tupu

kama Zuberi wangu sa 😭 tofauti gani

Fundi_Kalamu

Tofauti ipo kubwa. Wewe Zuberi ulidhani yumo. Yule binti alijua huyo mama hayumo, na kutokuwemo kwake ndo hoja. Ila naelewa mwalimu akiwa amechoka, karatasi ya 60 usiku, zote mbili zinaonekana "mhusika hayumo". Ndo maana mimi nalazimisha kila projekti iwe na maelezo mafupi ya mistari kumi, kwa nini umefanya hivi, na utaje ukurasa. Bila ukurasa sisahihishi.

KaseseKwetu

Hayo maelezo ndo AI inaandika sasa. Tena vizuri, na kurasa inazitaja, za uongo.

Mimi nasema mdomo tu. Dakika mbili kila mtoto anasimama na kazi yake namuuliza maswali mawili.

Mwalimu_Osukuru

@KaseseKwetu nimepiga hesabu. 74 mara dakika 2 ni dakika 148, kipindi ni dakika 40, hivyo vipindi vinne karibu vyote, na hapo sijahesabu wanaobaki nyuma wanavyopiga kelele. Na nina mikondo miwili. Mtaala huu aliyeupanga alikuwa anafikiria darasa la watoto 30.

DerevaMalaba

Samahani naingia kwa kuchelewa nilikuwa barabarani. Kwani hizo projekti si ndo zinaenda UNEB? Mtoto wa dada yangu aliambiwa asipofanya projekti hapati cheti.

KaseseKwetu

Unachanganya vitu viwili mkuu, wengi wanachanganya. Kuna kazi ya mradi yenyewe inayotakiwa kwa cheti cha UCE cha senia four, hiyo ni habari nyingine, watoto wanatengeneza sabuni, bustani, nini na nini. Halafu kuna kazi za darasani za kila somo, alama za shuleni, ambazo ni asilimia 20 na mtihani wa mwisho ni 80. Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya UCE 2024. Mahakama ya maboksi iko kwenye hizi za darasani.

DerevaMalaba

Asante. Kwa hiyo mahakama ni sehemu ndogo ya 20. Mbona mnagombana kama kesi ya Karama.

Chapati_Mbili

Dereva kasoma 😂

DerevaMalaba

Nilisoma kitambo shule ya upande wa pili wa mpaka, sina projekti niliyofanya lakini hadi leo nakumbuka Majivuno, na nikimkuta mtu mwenye majivuno pale mpakani namwita hivyohivyo. Mwalimu wetu alitufanya kitu kimoja tu, kila mtu alipewa jina la mhusika wiki nzima, ukiitwa Fadhili unaitika Fadhili hadi kantini. Mtu aliyeitwa Majivuno alipata shida sana, alikuwa kijana mpole hasa, Jumatano akaja kuomba abadilishiwe. Mwalimu akamwambia hapana, kaa nalo, Ijumaa tuambie inakuwaje kuitwa hivyo. Ijumaa akasema watu walianza kumuogopa na yeye akaanza kupenda.

NubiBombo

Wallahi hiyo imezidi mahakama ya maboksi. Na haina gharama hata ya gundi.

Mzee_wa_Walukuba

Hiyo ndiyo mbinu ya zamani niliyokuwa nasema.

Fundi_Kalamu

Mzee ulisema kalamu na dhamira tatu, usiruke ukuta 😄

Mwalimu_Osukuru

Nimerudi na mambo mawili, niliyasahau kwenye mada.

La kwanza, zile nakala mbili zisizo na mwisho. Kulikuwa na kikundi cha watoto sita wao walipata nakala iliyochanika, hawakuniambia. Wakaandika igizo, Karama ananyongwa. Niliwapa 3 nikaandika "someni kitabu", sababu kila aliyesoma anajua Karama anaachiwa na wale sita wanatolewa jela. Sasa nimewauliza mlitoa wapi kunyongwa, wakasema mwalimu ukurasa wetu wa mwisho Karama bado anaongea, tukakaa tukajiuliza katika nchi kama hii, iliyofunga watu sita, wa saba ataachwa kweli? Wakapiga kura. Nne kwa mbili, anyongwe. Kwa hoja walizonipa, kwa kweli mwisho wao unafuata kitabu kuliko mwisho wa kitabu. Sa hapo nasahihishaje?

La pili ni la kuchekesha na kusikitisha. Kuna kijana alitengeneza nchi yenyewe. Aliloweka magazeti, akachanganya na uji wa unga wa mhogo kama gundi, akatengeneza kisiwa ukubwa wa sinia, ana milima, ana kasri, akakitundika kwenye boriti la darasa kwa uzi wa kuvulia samaki. Unaingia darasani unaikuta nchi inaelea juu ya dawati la mbele, uzi huuoni mpaka jua lipige dirishani. Nikamuuliza ni nini kinaishikilia hii nchi? Nikitegemea aseme uzi. Akasema "watu kusadiki, mwalimu. Wakiacha inaanguka."

NubiBombo

Allah! Huyo amejua maana ya jina la kitabu kuliko sisi wote humu.

Mzee_wa_Walukuba

Hiyo picha iko wapi? Na mimi nataka kuiona, ingawa ni ya gundi.

Mwalimu_Osukuru

Picha haipo mzee. Unga wa mhogo. Jumanne asubuhi tumekuta panya wamepanda boriti wamekula kasri na nusu ya milima, imebaki upande mmoja, imeinama.

Senia_Foo_Tupu

mjumbe wa saba huyo!!! Zuberi mwenyewe 😂😂😂

Chapati_Mbili

Alitokea kusini magharibi

Binti_Sofia_Busia

Nimefunga duka naenda kulala nimechoka kucheka. Mwalimu mwambie huyo kijana mara nyingine atie chumvi nyingi kwenye uji au atumie gundi ya mbao.

KaseseKwetu

Ila jamani tusisahau, huyo wa kisiwa naye inawezekana jibu kalisikia kwa kaka yake. Sentensi moja nzuri sio ushahidi kwamba mtu amesoma. Mimi bado niko kwenye maswali ya mdomo, hata kama ni vipindi vinne.

Fundi_Kalamu

Na sentensi nzuri aliyoisikia akaitundika kwenye boriti siku kadhaa, si ameshaifanya yake? Sisi walimu tunatafuta "amesoma au hajasoma" kama askari wa trafiki. Yule wa mahakama ndo sina utetezi kwake, jaji alijitakia.

Mama_Wawili_Ntinda

Mimi ninaye. Mama yake alikata maboksi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Msimpunguzie.

DerevaMalaba

Mwalimu kwani alama umezibadilisha au la? Tumekaa hapa siku tatu.

Mwalimu_Osukuru

Nilikwenda kwa DOS, mkuu wa taaluma shuleni, kuomba nimpandishe yule binti awe 9 na wale wa kunyonga wapate hata 7. Akaniambia alama zimeshaingizwa kwenye sistimu, na isitoshe ile mahakama ameshaichukua hedi, iko ofisini juu ya kabati, wakaguzi wakija wataona tunafanya mtaala mpya. Nimemuacha wa mahakama na 9 yake, wengine nitawafidia muhula ujao kwa namna yangu.

Nilimtafuta binti angalau anipe ile karatasi niitunze, niwe naionyesha madarasa yanayokuja. Akasema ipo lakini nyuma ameshaandika hesabu za fizikia na bado anazihitaji, labda niipige picha upande mmoja.

Binti_Sofia_Busia

Piga pande zote mbili.

Mzee_wa_Walukuba

Na hizo za fizikia amepata?

Mwalimu_Osukuru

Moja kakosea. Kapiga mistari bila rula.